Kibuyu cha Pili

Mpika pombe wa kijiji chetu hakumpa mtu kikombe kabla ya kunywa yeye mwenyewe. Alichota, akanywa funda moja mbele ya macho yako, akameza, akafungua mdomo kidogo uone kuwa hakuna kilichobaki shavuni, ndipo akakukabidhi. Wapika pombe wote wa Ufipa walionja kwanza, maana mgeni hapewi kinywaji ambacho mwenye nacho hajakinywa. Lakini wengine walionja harakaharaka, kama karani anayegonga mhuri. Yeye alionja kama shahidi anayekula kiapo.

Nilimfahamu kwa miaka zaidi ya ishirini. Nilifika kutoka Mbeya mwaka wa Operesheni, watu wakiwa bado wanabomoa nyumba zao za mabondeni ili waje kujipanga kando ya barabara ya Laela. Nilipewa meza, mhuri na daftari, nikawa karani wa kijiji. Jina lake lilikuwamo katika daftari langu, ila sikuwahi kulisikia likitamkwa, nami sitaliandika. Watu walimwita Bibi. Mtu akiuliza Bibi yupi, aliambiwa yule wa pombe.

Alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, na vidole vilivyopauka kwa kushinda majini. Hakupaza sauti. Alipokasirika aliishusha, hadi ukalazimika kumwinamia ili usikie unavyosemwa. Siku moja ofisa mmoja kutoka wilayani alikuja kutueleza kuwa pombe inachelewesha ujenzi wa taifa. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kwa upole kama anajua ulezi ule umetoka wapi. Yule ofisa hakujua. "Umetoka shamba la ujamaa, ndugu," akamwambia. "Kama unachelewesha taifa, tupe barua tuache kuulima." Ofisa alicheka na watu wakacheka. Jioni alikuwa kilabuni kwake, naye akamwonjea kwanza kama mgeni yeyote.

Hakusahau kitu, na hilo ndilo watu walilomwogopea. Usiku wa kwanza wa mvua baada ya kuhamishwa, nyumba yake ikiwa haijaezekwa, alikwenda kwa jirani kuomba kaa la moto. Jirani akamwambia moto umezimika, na moshi ulikuwa unatoka juu ya paa lake. Kwa miaka sita Bibi alimhudumia mtu yule wa mwisho. Hakumnyima wala hakumpunja. Kikombe chake kilijaa kama vya wenzake, kilionjwa kama vya wenzake, ila kilifika wengine wote wakiwa wameshapata. Yule jirani alikuja mapema, akaja amechelewa, akajaribu hata kuja na wageni. Wageni walipewa kwanza, yeye akangoja. Mwaka wa sita alifika asubuhi na mzigo wa kuni kichwani, akautua mlangoni, akasema, "Bibi, siku ile moto ulikuwepo." Jioni ile alipewa wa kwanza. Tangu hapo hakuna aliyewahi kumsikia Bibi akitaja habari za kaa la moto.

Naeleza haya kwa sababu waliokuja kumsema baadaye, kwamba ni mwanamke mwenye moyo mbaya asiyejua kusamehe, hawakuwa wakijua alichokuwa anangoja.

Kazi yake ilianzia kijitoni. Ulezi ulipepetwa, ukaoshwa, ukatiwa katika gunia, na gunia likazamishwa majini na kubanwa kwa jiwe. Lilikaa humo siku mbili. Likitolewa, ulezi ulitandazwa nyumbani juu ya majani na kufunikwa, na siku ya tatu ulikuwa umeota vijimizizi vyeupe, umeshikamana kama mkeka. Hicho ndicho kimea. Kikishaanikwa na kusagwa, ndicho kinachoifanya pombe kuwa pombe. Bila kimea una uji tu.

Nyumba ile ilikuwa na sharti moja. Mwanamke aliyekabidhiwa kuzamisha gunia hakulala na mumewe hadi kimea kikauke. Akivunja, ulezi hauoti. Bibi alilipokea sharti hilo kwa mama mkwe wake, na katika maisha yake yote ulezi haukuwahi kukataa kuota. Kwa hiyo hakuwa na sababu ya kulitilia shaka.

Miaka michache baada ya sisi kuhamia barabarani, shirika moja la umma lilifungua shamba kubwa la mahindi na ngano juu ya kijiji. Kijito chetu kilipita katikati ya shamba hilo kabla ya kutufikia. Viwavi jeshi walipoingia, matrekta yalianza kupulizia dawa. Trekta lilishuka kivukoni, likajaza tangi, likaenda, na jioni likarudi kuoshwa palepale, tangi na mabomba na mapipa. Sisi wa chini tuliona povu jeupe likipita, kama mtu amefua nguo nyingi. Watoto waliokoga waliwashwa ngozi. Tukasema ni upupu. Vyura walinyamaza. Tukasema ni baridi, maana Ufipa mwezi wa sita inajua kubana.

Ulezi wa Bibi ukakataa kuota.

Aliyekuwa akizamisha gunia wakati huo alikuwa mkwe wake, msichana wa Mwimbi aliyeolewa mwaka uleule na mwanawe wa pekee. Mara ya kwanza Bibi alinyamaza. Mara ya pili alimwita faragha akamuuliza, na msichana akakana. Mara ya tatu gunia lilipofunguliwa ulezi ulikuwa umelala vilevile, mwekundu, mtulivu, ukinuka kitu ambacho Bibi aliniambia baadaye kuwa alikinusa, lakini akakipuuza kwa sababu alikuwa ameshajua jibu. Hakumpiga. Alimfungia mkeka wake na chungu chake, akamtwika na lile gunia la ulezi uliokufa, akamwambia alipeleke kwao wazazi wake wajionee. Ni mwendo wa siku mbili kwa miguu. Nilikuwa dirishani ofisini alipopita. Alitembea wima, shingo imekaza kwa uzito, na maji ya gunia yalikuwa yakimchuruzika mgongoni.

Mwanawe Bibi alikaa wiki moja bila kusema na mama yake, kisha akaondoka kutafuta kazi Mbeya. Hakurudi.

Nyumba ikawa na mtu mmoja. Bibi akazamisha ulezi kwa mkono wake mwenyewe, mjane wa miaka mingi, asiye na mume wa kulala naye. Haukuota.

Alichofanya baada ya hapo nimekuja kukiona mara chache hata kwa watu waliosoma. Alichukua debe moja la ulezi, akaligawa sawasawa katika magunia mawili, akayashona kwa uzi mmoja. Gunia moja alilizamisha kijitoni mahali pake pa siku zote. La pili alilibeba kichwani hadi juu ya kivuko cha matrekta, nusu siku kwenda na kurudi, akalizamisha kwenye chemchemi ambako trekta halifiki. Baada ya siku mbili aliyatoa yote, akayatandaza chumba kimoja, chini ya majani ya aina moja. Siku ya tatu akawaita wanawake wa kijiji waje waangalie, akaniita na mimi.

Tandiko la chemchemi lilikuwa jeupe kwa mizizi. La kijitoni lilikuwa limelala.

Wanawake walianza kusema kwa pamoja, mmoja akataja ng'ombe wake waliotupa mimba, mwingine mtoto wake mwenye vidonda.  Bibi alikaa chini katikati ya matandiko mawili, mkono mmoja huku na mwingine kule, akatazama kwa muda mrefu lile lisiloota. Kisha akasema, kwa sauti ambayo wa nyuma hawakuisikia, "Yule mtoto alikuwa mkweli."

Alikwenda Mwimbi na pombe ya maji ya chemchemi. Alinisimulia safari hiyo mara moja tu. Alipokewa vizuri, akapewa kiti. Aliwaeleza yote, akaonja, akamkabidhi baba wa msichana kikombe. Mzee yule alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka chini. Akamwambia hana ugomvi naye, lakini binti yake ndiye aliyebeba gunia, basi binti akinywa naye atakunywa. Msichana alitoka ndani, akasimama mlangoni, akakitazama kikombe, akarudi ndani. Bibi alikaa mpaka povu likaisha juu ya ile pombe. Baadaye alisikia kuwa msichana ameolewa kwingine na amezaa.

"Sikumlaumu," aliniambia. "Nilimtwika gunia. Lakini mimi nilitwikwa na nani?"

Kuanzia siku ile alikuwa na mtu mmoja kichwani, naye ni Meneja wa lile shamba.

Meneja hakuwa katili. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye suti ya mikono mifupi na viatu vilivyong'aa hata wakati wa masika. Aliipa shule yetu mpira. Alikuja kilabuni kwa Bibi kila mwisho wa mwezi, akamwita Mama, akasifu pombe yake. Wanawake walipokwenda kumlalamikia, aliwaeleza kwa subira kuwa bonde lote limo katika ramani ya Shirika, kwamba maji yale ni ya Shirika, na Shirika haliwezi kuharibu mali yake lenyewe. Akawapa mapipa matupu ya dawa wakatekee maji. Wengi walishukuru, maana pipa ni kitu kikubwa. Bibi naye alipokea la kwake. Alilipasua, akaliponda likawa bati, akalifanya mlango wa kilabu, na picha ya fuvu la kichwa akaielekeza nje. Meneja alipofika mwisho wa mwezi, ilimbidi alisukume fuvu lile kwa mkono ili aingie.

Hatimaye uliitishwa mkutano wa kijiji, Meneja akaja na mgeni mkubwa kutoka wilayani. Nilikaa mezani kuandika muhtasari. Meneja alizungumza vizuri. Alisema dawa ni ya kuua wadudu na binadamu si mdudu, alisema maji yamepimwa na hayana neno, akamalizia kwamba sisi sote ni ndugu katika kujenga nchi moja.

Bibi alikuja mbele na vibuyu viwili. Hilo halikumshangaza mtu, kwani wageni walipewa pombe siku zote. Kutoka kibuyu cha kwanza alimimina pombe, akaonja, akampa mgeni, akaonja tena, akampa Meneja. Wakanywa, wakamshukuru. Kisha akamimina kutoka kibuyu cha pili, na kilichotoka kilikuwa maji ya kijitoni, yamechotwa asubuhi ile mbele ya wanawake wanne. Kikombe hicho hakukionja. Alikiweka mbele ya Meneja.

"Pombe ni yangu, nimeionja," alisema. "Maji umesema ni yako. Onja, ndipo utupe sisi."

Meneja alitabasamu. Alisema amezoea maji ya kuchemsha, tumbo lake ndivyo lilivyo.

"Tumbo lako tunalijua, kila mwezi linakunywa pombe yangu. Nayo naipika kwa maji."

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka, maana Bibi alikuwa ameshusha sauti. Aliinama kidogo mezani. Nilikuwa karibu, nilisikia kila neno. "Umesema sote ni ndugu. Basi ndugu, kunywa."

Meneja alikitazama kikombe.  Mkono wake ulitoka mapajani, ukafika ukingoni mwa meza, ukarudi. Mgeni akatazama saa, akasema ajenda nyingine ni nyingi. Kikombe kilibaki palepale hadi mwisho wa mkutano, na hakuna aliyethubutu kukiondoa.

Sasa niseme langu. Kabla ya kupanda gari, mgeni alinivuta pembeni akaniambia kuwa habari za vibuyu hazina mahali katika muhtasari. Nilikuwa kijana, nilikuwa na mhuri, nilitaka kubaki nao. Niliandika kwamba Ndugu Meneja alieleza kuwa maji ni salama na wananchi walimsikiliza. Sikuandika kwamba hakunywa. Wanawake walipopeleka malalamiko yao mkoani, yalijibiwa kwa barua ya nusu ukurasa, na barua ilisema kwamba kwa mujibu wa muhtasari wa kijiji chenyewe jambo hilo lilikwisha kuelezwa na wananchi wakaridhika. Barua ilifika mezani kwangu. Niliwasomea mimi mwenyewe. Bibi aliniomba nirudie sehemu inayosema muhtasari wa kijiji. Niliirudia. Akanitazama, akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayekubali bei, akaenda zake.

Matrekta yakaendelea kushuka kivukoni kwa misimu mingine mingi. Bibi alipika kwa maji ya chemchemi, akayabeba kichwani mpaka magoti yakamshinda. Pombe yake ilipungua, vikombe vikawa vichache. Mimi aliendelea kunipa, akaonja kabla ya kunipa, lakini tangu siku ile ya barua nilipewa wa mwisho.

Kanisani alikaa benchi la mbele upande wa wanawake, akaimba kwa sauti nzuri. Katika sala, akifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, alifunga mdomo, akangoja wenzake wapite, akaendelea nao mbele. Padre alimwita akamwonya. Alirudi kwetu akatuambia alivyomjibu. "Nimemwambia, Padre, pale naruka ili nisiseme uongo altareni. Siku nitakayoweza, utanisikia." Padre hakumrudia tena.

Shamba lilikufa lenyewe. Vipuri vilikosekana, matrekta yakasimama nyasi zikaota kwenye viti, Shirika likawa jina tu, na watu wakaanza kulima matuta yao ya kufukia nyasi juu ya mashamba ya ngano. Meneja alistaafu akajenga Chanji, mjini Sumbawanga. Mimi nilihamishiwa mjini kabla yake, katika ofisi nyingine yenye mhuri mwingine, na nyumba yangu ikawa mtaa wa pili kutoka kwake.

Hivyo ndivyo nilivyokuja kujua. Kila mwaka baada ya mavuno, mwanamke mzee alishuka kwenye basi la Laela na dumu dogo la maji, akatembea hadi kwa Meneja, akapiga hodi, akaomba kikombe. Alimimina, akakiweka juu ya ukuta mfupi wa baraza, akakaa chini kungoja. Hakutukana wala hakudai. Miaka ya mwanzo Meneja alitoka akamsihi, akampa nauli ambayo hakuipokea. Baadaye alimtuma mkewe. Baadaye pazia tu lilisogea. Majirani walijua, na watoto wa mtaa waliita siku ile siku ya maji ya mzee. Jua likianza kushuka alikimwaga kikombe kwenye maua, akakiosha, akakirudisha mlangoni, akaaga.

Mara ya mwisho nilipomwona alianzia kwangu. Sikuwa nimemtarajia. Alisimama uani, ameegemea fimbo, dumu mkononi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Karani. Bado unaandika?"

Nilimwambia nimestaafu. Nikamletea kiti, nikamuuliza habari za kijijini. Alinieleza kwa mpangilio, nani amekufa, nani amerudi. Kisha akasema, kama mtu anayetaja mvua, kwamba vyura wamerudi, siku hizi hawamwachi alale. Ulezi je? Unaota, alisema. Mwaka wa nne huu anauzamisha kijitoni, mahali pake pa zamani, na unaota vizuri kuliko wa chemchemi.

Nililitazama lile dumu. "Kwa hiyo maji haya ni mazima."

"Mazima kabisa. Nayanywa kila siku."

"Meneja anajua?"

"Atajuaje? Hajawahi kuonja."

"Si ungemwambia, Bibi."

"Akiuliza nitamwambia. Akinywa sitakuja tena, magoti yenyewe haya. Lakini hajauliza. Anakaa nyuma ya pazia anaogopa maji ambayo ng'ombe wananywa." Aliyasema bila tabasamu, lakini uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyeshiba. "Mimi nilikaa Mwimbi mbele ya kikombe kisichoguswa. Najua kunavyokaliwa."

Akaomba kikombe. Nilileta. Alimimina, maji yakajaa mpaka ukingoni, masafi. Nilingoja anywe funda lake.

Hakunywa. Alininyooshea.

"Na wewe yalikuwa yako," alisema, na ilinibidi nimwinamie ili nisikie. "Uliyaandika."

Alikuwa ametoka kuniambia dakika hiyohiyo kwamba maji yamepona, na kwa miaka yote niliyomjua hakuwahi kunidanganya. Hata hivyo nilijikuta nimetazama midomo yake, kama ni mikavu au imelowa. Mkono wangu ulifika ukingoni mwa kikombe ukasimama. Yeye aliuona. Alikuwa ameshawahi kuuona mkono kama ule, juu ya meza, na mimi nikiwa kando yake na kalamu.

"Bibi," nilisema, "siku ile hakunywa. Niliona, na sikuandika."

 Nikakichukua kikombe, nikanywa mpaka chini. Yalikuwa baridi, na yalikuwa na ladha ya plastiki ya dumu na majani kidogo. Alikipokea kikombe, akakipindua, akangoja tone la mwisho lidondoke uani. Kisha akaliinua dumu usawa wa macho, akalitikisa, akapima kilichobaki.

"Wewe nimemalizana nawe," alisema, akishika fimbo yake. "Haya yanamtosha."